Koki ya kufungia maji ya nyumba yako iko wapi?

Mwaka juzi usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane kasoro hivi, nilishtuka usingizini nikasikia mvua. Nikageuka upande wa pili nilale, alafu akili ikaniambia huu ni mwezi wa nane, Dar mwezi wa nane mvua ya namna hii imetoka wapi? Nikashusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Sio unyevu, maji kabisa yamefunika vidole.

Nikakimbilia jikoni. Chini ya sinki kuna ile hozi fupi inayounganisha bomba la ukutani na koki, ile imevalishwa kama wavu wa chuma kwa nje, mafundi wanaita fleksibo, ilikua imepasuka na maji yanaruka mpaka kwenye milango ya kabati, kiroba cha unga kimelowa, kapeti la sebuleni limelowa na waya wa friji umelala kwenye maji. Mume wangu alikua zamu ya usiku, nyumbani nipo mimi, watoto wawili na mama mkwe aliyekuja kututembelea. Nilichukua taulo nikajaribu kuziba, haifai kitu, maji yenye presha hayazibiki na taulo. Mama akasimama mlangoni na khanga yake akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, si ufunge koki kubwa?"

Nikabaki namwangalia. Miaka minne nimekaa kwenye ile nyumba, vigae nimechagua mimi, mapazia mimi, rangi za ukuta mimi, na sikua najua koki kubwa iko wapi.

Jirani alisikia kelele akaja na tochi, Mungu ambariki, akaenda moja kwa moja kwenye mita akafunga pale. Maji yakaendelea kutoka. Tukaangaliana. Kumbe jikoni kwetu maji hayatoki kwenye mita, yanatoka kwenye simtanki la juu la lita 2000, na siku hiyo lilikua limejaa mpaka juu, kwaiyo kufunga mita ilikua ni kuzuia maji mapya tu, yale ya juu yana njia yake. Akapanda ngazi kwenye mnara akaikuta geti valvu, ile koki ya kuzungusha, imeota kutu, haizunguki, akaikazania na paipu renchi, shina likakatika koki ikiwa imefunga nusu. Basi ikabidi tuzime umeme kwenye meni swichi tukae gizani na ndoo na matambaa mpaka tenki lilipoisha lenyewe, ilikua kama saa kumi alfajiri.

Naandika hii kwa sababu tangu siku ile kila nyumba ninayoenda nauliza hilo swali, na watu wengi sana hawajui. Wanajua kulipia bili, wanajua namba ya fundi, lakini ukimwambia mtu nionyeshe maji yanaingilia wapi na yanafungiwa wapi anaanza kuita mtu mwingine. Hasa sisi akina mama, tumezoeshwa kwamba mabomba ni ya baba au ya fundi, wakati tunaokuwepo nyumbani likipasuka ni sisi na watoto.

Asubuhi fundi alikuja, mzee wa miaka sitini na kitu, amefanya hii kazi tangu kijana. Fleksibo aliibadilisha kwa dakika kumi, yenyewe nilinunua elfu nane dukani. Alipotaka kuondoka nikamwambia mzee shikamoo tena, naomba unitembeze nyumba nzima unionyeshe kila bomba linaenda wapi, nitakulipa muda wako. Akacheka akasema "hakuna mtu amewahi kuniomba hivyo, mwanangu, twende." Nikachukua daftari la hesabu la mtoto nikawa nachora.

Kitu cha kwanza alichoniambia ndo nakitumia mpaka leo. Akasema nyumba ina mabomba ya aina mbili tu. Kuna yanayoleta maji na kuna yanayotoa maji. Yanayoleta yanasukumwa, yana presha, kwaiyo yakipata tundu yatatokea hapohapo hata kama ni kupanda juu. Yanayotoa hayasukumwi na kitu chochote, yanashuka tu kwa mteremko, kwaiyo tatizo lake sio kupasuka, tatizo lake ni kuziba na kunuka. Ukijua hilo, ukiona maji kwenye ukuta unauliza kwanza haya ni ya upande gani? Kama yanatoka muda wote, hata watu wamelala, ni ya presha. Kama yanaonekana mtu akioga tu au akifua, ni ya upande wa kutoa. Nimeshatumia hii kwa dada yangu, ukuta wake wa chumbani ulikua unalowa, fundi mmoja alitaka kuvunja ukuta wote kutafuta bomba, nikamwambia fungeni maji siku mbili mtumie ya ndoo lakini muendelee kuoga mlemle bafuni, ukuta ukaendelea kulowa, kumbe ni sakafu ya bafu, maji yanapita kwenye viungio vya vigae. Walirudishia simenti ya vigae wakaweka silikoni pembeni, hakuna ukuta uliovunjwa.

Sasa njia yenyewe kwa nyumba nyingi za huku kwetu iko hivi. Kutoka bomba la mtaani kuna lile bomba jeusi la poli linakuja mpaka kwenye mita. Baada ya mita inatakiwa iwepo koki ya kufungia, na hiyo ni ya kwako wewe mwenye nyumba. Hapo maji yanaenda tenki la juu, au kama presha ya mtaani ni ndogo yanaingia kwanza tenki la chini alafu pampu inayapandisha. Kwenye tenki la juu yanaingia kupitia floti, lile boya linalopanda na maji likifika juu linafunga. Alafu yanatokea chini, na tundu la kutokea linakaa inchi chache juu ya kitako ili tope libaki chini lisiingie ndani ya nyumba, na hapohapo chini ya tenki ndo inakaa koki kubwa ya pili, ile iliyokatika kwetu. Baada ya hapo bomba linashuka linagawanyika, jikoni, bafuni, chooni, hita.

Kila tawi linatakiwa liwe na koki yake. Kwetu aliyejenga hakuweka hata moja, yaani ukitaka kubadilisha washa ya koki ya bafuni, kale kampira ka ndani kanakozuia maji, inabidi ufunge nyumba nzima. Tuliongeza tatu, na chini ya kila sinki na pembeni ya kila choo tukaweka zile koki ndogo za kona, engo valvu. Ile ya chini ya tenki mzee akakataa kuweka geti valvu nyingine, akaweka ya mkono, ile ya kugeuza robo mzunguko tu. Uzuri wake mtoto wa miaka nane anaweza kuifunga, na ukiiangalia kwa macho tu unajua, mkono ukilala sambamba na bomba imefunguka, ukikata bomba kama msalaba imefungwa. Tukaishusha pia chini usawa wa kifua, isiwe kule juu ya mnara. Kama yako ni geti valvu ya kuzungusha sio lazima uitoe, ila kila baada ya miezi miwili mitatu izungushe ifunge na uifungue, maana ikikaa miaka bila kuguswa inaganda, na itakugomea siku ileile unayoihitaji.

Na fleksibo zikague. Pitisha kitambaa kikavu kwenye ule wavu, ukiona kutu au nyuzi zimekatika karibu na nati, usisubiri. Mimi nabadilisha zote kila miaka mitatu, mana ukilinganisha na kapeti na friji ile elfu nane sio kitu. Na mkisafiri fungeni koki kubwa, jamani. Tunafunga gesi, tunafunga milango mara mbili, maji tunayaacha wazi wiki nzima.

Miezi kadhaa baadae nikaletewa bili. Kawaida yetu ni uniti 14, mwezi ule ikaja 27. Uniti moja ni lita 1000, kwaiyo hizo ni lita elfu kumi na tatu zaidi na hakuna mgeni aliyekuja wala hatujajenga chochote. Wa kwanza kulaumiwa ni msoma mita, mume wangu alishaanza kuvaa viatu aende kulalamika. Nikamwambia ngoja.

Kwenye mita nyingi kuna kigurudumu kidogo, kingine kina umbo la nyota kingine pembetatu, kinazunguka hata maji yakipita kidogo sana. Ukifunga koki zote ndani kikawa bado kinazunguka, maji yanaenda mahali. Ila kwa sie wenye tenki kuna mtego hapo, kama tenki halijajaa floti imefunguka na kigurudumu lazima kizunguke, utadhani bomba limevuja kumbe tenki linajaa. Kwaiyo subiri mpaka lijae kabisa floti ifunge. Sisi tulisubiri usiku saa nne watu wote wameshaoga, tukafunga ile koki ya chini ya tenki, tukaenda kwenye mita na tochi. Kimetulia. Maana yake kuanzia mita mpaka tenki hakuna shida, hata floti inafunga vizuri. Tukafungua koki ya tenki, hatujatumia maji yoyote, tukakaa kama nusu saa. Kikaanza kuzunguka, polepole, kinasimama, kinazunguka. Yaani ndani kuna mahali panakunywa maji, tenki linashuka kidogo, floti inafungua kidogo kujazia.

Kuta kavu, sakafu kavu, hakuna koki inayodondosha. Ilikua choo.

Choo ndo mwizi mkubwa wa maji nyumbani na hana kelele. Ndani ya lile tenki la flashi kuna mpira chini unaoziba tundu, ukiflashi unanyanyuka, maji yakiisha unakaa. Ukizeeka unakua mgumu, au chumvi inaganda pembeni yake, haukai sawasawa na maji yanapita taratibu yanateleza kwenye bakuli hata huyaoni. Kukijua ni rahisi mno. Chukua rangi ya chakula, ile nyekundu ya keki, weka matone kadhaa kwenye tenki la flashi, usiflashi, ondoka dakika 20. Ukirudi ukakuta maji ya kwenye bakuli yana wekundu, mpira haufungi. Choo chetu cha wageni kilikua chekundu ndani ya dakika tano.

Piga hesabu uone, kikiwa kinapitisha kama glasi moja tu kwa dakika, tuseme mililita 300, hiyo ni lita 18 kwa saa, lita 432 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 inakaribia uniti 13. Ndo zilezile zilizoongezeka kwenye bili yetu. Mpira wenyewe unauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, bei yake haifiki hata nauli ya bodaboda ya kwenda kugombana na msoma mita. Nilibadilisha mwenyewe. Unafunga engo valvu ya choo, unaflashi maji yatoke, unachomoa wa zamani, unafuta vizuri pale unapokalia, unaweka mpya. Ukienda dukani beba ule wa zamani mkononi, usielezee kwa maneno, mana ipo saizi tofauti tofauti na utarudi mara tatu.

Kingine cha choo ni floti yake ikiwa juu sana, maji yanamwagikia kwenye lile bomba la katikati ndani ya tenki la flashi moja kwa moja. Funua mfuniko uangalie, maji yanatakiwa yaishie chini kidogo ya mdomo wa hilo bomba. Kama yanafika, teremsha floti.

Koki inayodondosha sina mengi, ni washa. Unafunga maji, unafungua kichwa cha koki, washa ya mpira imelika, unaweka mpya ya mia tano. Ila usiikaze koki kwa nguvu kila siku ili isidondoshe, unavyoikaza ndo unaikata washa na ukiendelea unakula mpaka kitako cha koki yenyewe na hapo washa mpya haitasaidia tena. Zile za kisasa za mkono mmoja hazina washa, zina kitu kama kidonge cha kauri ndani, hicho kinabadilishwa chote.

Sasa presha. Hili ndo linawaliza watu na ndo linawatoa watu hela bure.

Maji ya tenki hayana nguvu nyingine zaidi ya urefu. Mita 10 za kwenda juu zinakupa presha ya ba moja. Mnara wa tenki letu una mita 3, bomba la kuogea liko karibu mita 2 kutoka sakafuni, kwaiyo kinachosukuma maji pale juu ya kichwa ni mita moja tu na ile ya maji yaliyomo ndani ya tenki, ndo mana tenki likijaa unaoga vizuri na likikaribia kuisha yanalegea. Hakuna ajabu hapo. Dawa yake ni kunyanyua tenki, au kuweka kijipampu cha kuongeza presha, lakini kabla hujafika huko angalia vitu viwili.

Cha kwanza ni upana wa bomba. Mzee alinifundisha kwamba bomba la inchi moja linabeba kama mara nne ya la nusu inchi, sio mara mbili kama watu wanavyodhani, kwa sababu tundu linapanuka pande zote. Kwaiyo linaloshuka kutoka kwenye tenki liwe inchi moja, likigawanyika liwe robo tatu, nusu inchi ibaki ile ya mwisho inayoingia kwenye koki. Nyumba nyingi mtu amebana hela ameshusha nusu inchi kutoka tenki mpaka mwisho, alafu mtu akifungua jikoni anayeoga anabaki na sabuni machoni. Na elbo nazo, kila kona inapunguza, fundi anayezungusha kona saba kukwepa kutoboa ukuta mmoja anakuibia presha.

Cha pili ni vichujio. Kwenye mdomo wa koki nyingi kuna kichujio cha wavu kidogo, kinafunguliwa kwa mkono tu. Maji yakirudi baada ya mgao yanakuja na mchanga na vipande vya kutu, vyote vinaishia hapo. Nilifungua cha jikoni nikakuta kokoto kabisa. Kama kimeganda chumvi kiloweke kwenye siki au ndimu usiku kucha, asubuhi pitisha mswaki wa zamani. Na maji yakirudi baada ya siku nyingi usifungue koki yenye kichujio kwanza, fungua ile ya nje uani yaende mpaka yawe meupe.

Alafu kuna ile ya tenki kuisha, likajaa tena, jikoni yanatoka ila bafuni kimya kabisa. Hiyo sio kuziba, ni hewa imekwama kwenye sehemu ya bomba iliyopanda na kushuka, maji ya tenki hayana nguvu ya kuisukuma. Tulichofanya ni kuchukua mpira wa bustani tukaufunga kwenye koki ya uani inayotoka mtaani moja kwa moja yenye presha, upande mwingine tukaubana kwenye koki ya bafuni, tukafungua zote mbili. Maji ya mtaani yakasukuma hewa kurudi nyuma mpaka kwenye tenki, unasikia kule juu inabubujika, ukitoa mpira maji yanatoka. Ilijirudia mara tatu ndo mzee akaja akaweka bomba la kupumulia, kakipande kanachopanda kutoka kwenye bomba la kushuka mpaka juu ya usawa wa tenki kakabaki wazi, hewa inapita huko. Tangu hapo hakuna shida.

Ila tafadhali usifunge pampu kwenye bomba la mtaani ikavuta maji moja kwa moja. Najua watu wanafanya, najua uchungu wa kukaa siku tatu bila maji wakati mtaa wa pili wanapata. Lakini ukivuta vile unaweza kulifanya bomba linyonye, na pale lilipopasuka njiani, likipita kwenye mtaro, linanyonya maji ya mtaro, na yanakuja kwako na kwa jirani zako. Pampu ivute kutoka kwenye tenki la chini. Na isiwashwe ikiwa haina maji ndani, inaungua, nonritani, ile valvu inayozuia maji yasirudi nyuma, ikivuja pampu inapoteza maji usiku na asubuhi inazunguka kavu, hiyo ndo sababu ya pampu nyingi kufa.

Wote tunakumbuka mwaka 2022, Oktoba na Novemba, mto Ruvu tunakopata maji ulivyopungua kwa ukame Dar nzima ikaingia kwenye mgao. Tangu pale kila nyumba ina tenki, madumu, mapipa. Vizuri, lakini maji yaliyokaa bila mfuniko ni kiwanda cha mbu, na mbu wa dengue anapenda maji masafi ya kwenye mapipa kuliko madimbwi, mlipuko wa 2019 haupo mbali. Funika, na lile bomba la kumwagikia juu ya tenki lifunge wavu. Tenki lenyewe tunaliosha mara mbili kwa mwaka, kuna tope la ajabu kule chini ambalo ukiliona hutasahau. Mvua nazo usiziache zipite, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwaiyo bati la mita 100 za mraba mvua ya milimita 10 inakaribia uniti nzima. Ile ya dakika za mwanzo iache imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Wenye visima vya chumvi, chuma usiweke, bomba la chuma linaliwa haraka. Weka PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuchoma na mashine, na hakikisha fundi anasubiri mashine ipate moto sawasawa, kama nyuzi 260, mana akichoma haijapata moto kiungio kinashika kwa nje tu na kitaachia ndani ya ukuta. Na zile hita za bafuni za kuchemsha papo kwa papo, nawaomba sana, maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ulizia hizo, na fundi umeme ahakikishe waya wa ethi upo na unafanya kazi kweli. Ukisikia mtetemo hata kidogo ukigusa koki, zima kwenye meni swichi, asioge mtu mpaka fundi umeme aje.

Upande wa majitaka nitasema machache. Chini ya kila sinki na kila choo kuna kona inayobakiza maji makusudi, yale maji ndo mlango unaozuia harufu ya shimoni. Bafu la wageni likikaa mwezi halitumiki maji yale yanakauka na nyumba inanuka, watu wanatafuta panya aliyekufa. Mwaga ndoo mbili, yaishe. Mafuta ya kukaangia usimwage kwenye sinki, yakipoa yanaganda yanashika wali na nywele, weka kwenye chupa utupe. Pedi na wipsi za watoto hazifai chooni hata kama pakti imeandikwa zinafaa. Likiziba anza na plunja na maji ya moto, likishindikana fungua chemba utumie waya. Madawa ya kuzibulia sipendi, yanachemka yenyewe na yanaunguza ngozi na macho, na kamwe usichanganye dawa ya klorini na ya asidi ya kusafishia choo, inatoka gesi ya sumu na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja tu.

Na wanaofungulia shimo la choo liende barabarani mvua ikinyesha, hapo siwezi kunyamaza. Hayo maji yanapita kwenye miguu ya watoto wanaoenda shule na yanaingia kwenye visima vya majirani. Kipindupindu kinaanzia hapo. Ita gari la kunyonya, kama hela haitoshi changishaneni na majirani, nasi tulishawahi kuchangishana nyumba tatu.

Kama unajenga sasa hivi au unakarabati, kabla lipu haijafunika mabomba pita na simu yako upige picha kila ukuta, uweke na futi pembeni ionekane bomba liko sentimita ngapi kutoka kona na ngapi kutoka sakafuni. Picha hizo zihifadhi mahali ambapo hazitapotea na simu. Na mwambie fundi ajaze maji kwenye mfumo wote aubane kwa presha, ulale hivyo usiku mzima kabla ya lipu, kama kuna kiungio kinavuja kitaonekana kwenye tofali na sio kwenye rangi. Fundi mzuri hakasiriki ukimwomba hivyo. Nimeshaona fundi akikasirika, na nyumba ile walikuja kuvunja vigae vya miezi minne.

Kwetu koki kubwa sasa imepakwa rangi nyekundu, na ya kwenye mita pia. Mwanangu mkubwa ana miaka tisa, kila tukisafiri anakimbia yeye kufunga. Mama mkwe alivyorudi mwaka huu nilimtembeza na daftari lile la hesabu, akaiangalia koki akaijaribu mwenyewe mara mbili, akaniambia nimchoree na ya nyumbani kwake Korogwe. Nitaenda Desemba. Kilichobaki hapa ni chemba ya nyuma, inajaa mvua kubwa zikinyesha na mzee anahisi mteremko ulikosewa tangu mwanzo, ila amesema tusubiri masika yaishe ndo tuchimbe.